Sauti Niliyoipunguza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikunja waya kwa kiwiko, na saa sita ya mchana haijafika nilikuwa nimeshafukuzwa.

Nilikuwa mgeni Durban, nimetoka Kalemie, nalala na wenzangu wanne katika chumba kimoja pale Point. Mtu akaniambia kwenye ukumbi wa muziki karibu na bandari wanatafuta wabeba spika. Nikaenda, nikabeba. Walipomaliza majaribio wakaniambia nikusanye nyaya, nami nikazizungusha kati ya kiganja na kiwiko, kama tunavyokunja kamba ya mbuzi kwetu. Mzungu mmoja mrefu, nywele mpaka mabegani, akaruka kutoka jukwaani akaninyang'anya.

"Toka! Unaua waya zangu!"

Nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, nikingoja ziniruhusu kuvuka, nikasikia mtu ananikimbilia. Ni yeye, waya bado mkononi. Pale pale kando ya barabara akanifundisha: duara moja linapita juu, la pili linapita chini, ndipo ukiurusha waya unanyooka bila fundo. Ukiulazimisha kwenye kiwiko, nyuzi za ndani zinakatika moja moja, na siku ya onyesho waya unakufa mbele za watu.

"Rudi sasa," akasema. "Ukirudia, nakufukuza kweli."

Huyo ndiye Stoyan, mwanamuziki wa roki kutoka Bulgaria. Nilifanya naye kazi miaka ishirini na mitatu, na ninyi vijana mnaoshika mitambo ya sauti makanisani hapa Albert Park, ambao kila Jumapili mnanipasua masikio, ndio ninaowaandikia haya.

Stoyan alikuwa mtoto wa dereva wa treni. Ujana wake, huko kwao, bendi haikupanda jukwaani mpaka kamati ya wakubwa isikilize kwanza kila wimbo, na mwenye nywele ndefu aliambiwa azikate. Yeye alizificha ndani ya kofia. Siku moja, katikati ya wimbo wasioupenda, wakubwa wakazima umeme wa ukumbi mzima. Aliendelea kuimba gizani, na watu wakaimba naye mpaka mwisho. Hadithi hiyo aliisimulia mara mia, na kila mara ukumbi ulikuwa umeongezeka ukubwa. Nchi yao ilipobadilika akapata kazi kwenye meli za watalii. Mkataba ukaishia bandari ya Durban, akashuka na gitaa lake, akabaki. Nyuma aliacha mke aliyekwisha kuachana naye na binti mdogo, Rada.

Mkuu wa ukumbi ule wa bandarini hakujua jina langu hata siku moja. Aliniita "wewe wa waya". Stoyan ndiye aliyenisogeza hatua kwa hatua mpaka kwenye mikisa, ile meza ya sauti yenye safu za vidude vya kuteleza juu na chini. Kidude kimoja tunakiita feda. Kila maikrofoni ina feda yake: ukiipandisha watu wanasikia, ukiishusha hawasikii. Ni kazi ya kidole kimoja.

Halafu iko monita. Hiyo ni spika inayolazwa sakafuni, imemtazama mwimbaji, ili ajisikie mwenyewe. Shikeni hili vizuri: anachosikia mwimbaji kwenye monita sicho lazima wanachosikia watu ukumbini. Fundi anaweza kuzitenganisha. Mwimbaji hana namna ya kujua, anamwamini fundi tu.

Ukumbi wa bandarini ulipofungwa tukazunguka baa za huku na kule, mpaka tukapata hoteli moja ya ufukweni iliyotaka muziki wa chakula cha mchana, Jumapili kwa Jumapili. Hapo tukaongeza mwimbaji wa kuitikia, Mireille, binti wa Bukavu aliyekuwa akisuka nywele saluni siku za kazi. Sauti ya Mireille, eish, ungesema hajawahi kulia maishani. Alizikariri nyimbo zote za Stoyan, mpaka zile za Kibulgaria, bila kuelewa neno.

Mwaka wetu wa nne hapo, Meneja wa Burudani akaniita ofisini. Laiti angekuwa mtu mbaya! Alikuwa mama mpole, wa kukuuliza watoto wanaendeleaje shuleni na kungoja jibu.

"Papa Ilunga," akasema, "sauti ya Stoyan imechoka. Wageni wananiambia. Lakini wanapenda kumwona pale mbele, nywele zake nyeupe, gitaa lake. Mshushe kidogo, mpandishe Mireille."

"Nimwambie?"

"Ya nini kumuumiza mzee wa watu? Kwenye monita yake muachie vile vile."

Nilikuwa na watoto watatu, na kila nilipokwenda kuhuisha makaratasi yangu ya ukimbizi niliona heri niwe na barua ya mwajiri mkononi. Nikasema sawa. Hiyo ndiyo sababu, na bado nasema nilikosea.

Kidogo ikawa kidogo tena. Kila Jumapili kidole changu kilishuka unywele mmoja. Mwaka wa tatu tangu siku ile ya ofisini, feda ya Stoyan ilikuwa karibu chini kabisa: ukumbini watu walisikia gitaa lake na Mireille, na yeye pale mbele anajisikia mzima kwenye monita, macho amefumba, mishipa ya shingo imemtoka. Wimbo wa mwisho ukiishia, gitaa bado linavuma, alikuwa akiinamia maikrofoni na kusema maneno mawili matatu yasiyonifikia. Nilidhani ni Kibulgaria chake. Nilimwinulia dole gumba, naye akacheka.

Kumbe mgeni mmoja alipiga video kwa simu akaitupa mtandaoni, ikazunguka mpaka ikamfikia Rada huko kwao, sasa mtu mzima. Akamwandikia baba yake: "Baba, mbona umeacha kuimba? Naona mdomo tu."

Jumanne asubuhi Stoyan alibisha mlangoni kwangu. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa, amepanda ghorofa tisa kwa miguu. Mke wangu akampa chai. Akaweka simu mezani, video inacheza, hakuniuliza kama ni kweli.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Meneja?"

"Ndiye aliyesema," nikajibu haraka, kama mtoto anayemtaja mwenzake.

"Meneja hana kidole kwenye mikisa."

Yeye akanywa chai yote, taratibu, mpaka nikatamani anipige.

"Kwetu walipotaka kuninyamazisha walizima umeme," akasema. "Nilijua, na watu walijua, wakaimba na mimi. Wewe ulinizima ukaniachia taa."

Akamshukuru mke wangu, akashuka ngazi. Hotelini hakurudi tena. Nilikwenda kwake Point mara mbili. Alinijibu kupitia geti la mlango, kwa adabu kabisa: "Mimi mzima, Papa Ilunga. Nenda kazini." Mara ya tatu niliona haya, sikwenda. Majira ya baridi mapafu yakamshinda, akafa. Rada alikuja akausafirisha mwili kwao. Mimi nilikunja nyaya zake, juu, chini, juu, chini, nikaziweka ndani ya sanduku la gitaa, nikajificha nyuma ya watu nisije nikasalimiana na yule binti.

Nilistaafu mwaka jana. Hoteli ilinipa saa ya ukutani. Vijana, bosi atakuja siku moja na kidogo chake. Mtii ukipenda, mimi si wa kuwahubiria. Lakini nenda kwa mwimbaji kabla hajapanda jukwaani umwambie: leo nakushusha. Akigombana, mgombane. Mimi nilikwepa ugomvi wa dakika tano, na sasa niko nao kila siku.

Mwezi uliopita Mireille akanipigia. Rada anaomba sauti ya baba yake, yoyote iliyopo. Nikakumbuka flashi moja, kile kijiti cha kuhifadhia sauti. Mikisa yetu ya mwisho ilikuwa ya kisasa, yenye kurekodi kila maikrofoni peke yake, kabla feda haijaigusa. Nilikuwa nimeijaribu Jumapili moja tu, kujua kama inafanya kazi, nikaitupa flashi kwenye kopo la misumari.

Mwanangu akaifungua kwenye kompyuta. Nikavaa vidude vya masikioni, nikazima gitaa, nikamzima Mireille, nikamwacha Stoyan peke yake.

Sauti ilikuwa na mikwaruzo, kweli. Pumzi fupi. Lakini pale asipofika juu alikuwa ameubadilisha wimbo, anaushusha, anauzungumza kama mtu anayeongea na wa nyumbani kwake. Hakuwa akiimba vibaya. Aliimba kizee, na kizee chenyewe kilikuwa kitamu. Miaka mitatu nilikaa hatua ishirini mbele yake sijaisikia sauti hiyo, maana nilikuwa nimeizima mwenyewe.

Wimbo wa mwisho ukaisha, akainamia maikrofoni. Si Kibulgaria. Kilikuwa Kiswahili chetu cha Albert Park, bila shaka alifundishwa na Mireille:

"Aksanti. Yule kule nyuma ni Papa Ilunga. Bila yeye hamunisikii."

Nililia, mke wangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna msiba.

Nilimtumia Rada yote, sikukata kitu. Juzi akaandika kwa Mireille, Mireille akaniletea simu nisome. Kumbe baba yake hakumweleza lolote kuhusu ile feda. Anashukuru, amesikiliza na watoto wake, wamecheza. Anauliza lile jina la mwishoni ni la nani, baba alilitaja kwa upendo sana.

"Nimwandikie nini, Papa?" Mireille akaniuliza.

Nikamwambia anipe simu. Nikaandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa kidole kile kile: "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemzima."