Bweni Lililosubiri Mgeni Rasmi

Harufu ya matofali ya kuchoma yakinyeshewa mvua ya kwanza hunirudisha nyumbani nitake nisitake. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Babati alikuwa anajenga, manyunyu yakapita juu ya tanuru lake, nami nikabaki nimesimama uani na ndoo mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Hebu niwasimulie, maana miaka yote hii nimelisema jambo hili kwa vipande tu, na kila nikiligusa hasira hunipanda upya.

Kwetu ni mpakani, Mbulu inapoishia na Hanang inapoanzia. Mpaka wenyewe ni korongo. Upande wetu tulilima mahindi na maharage. Ng'ambo walikaa wafugaji, na mbuzi wao walivuka kuja kula maharage yetu bila habari kwamba wamebadili wilaya. Kiangazi korongo lilikuwa njia ya mchanga. Masika lilinguruma hadi tukalisikia tukiwa jikoni.

Dada yangu Paskalina alipoanza sekondari, mimi nilikuwa darasa la tatu. Shule iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ng'ambo, na karibu yenyewe ni ya kusema tu. Wasichana waliochoka kutembea walipanga vyumba senta kwenye maduka, vyumba tulivyoviita geto, na wengi walirudi kwao na mimba kabla hawajamaliza. Mama alikuwa na msemo wake: "Geto halina baba wala mama." Hakutaka Paskalina apange, na hakutaka avuke korongo wakati wa mvua. Akawa anatafuta njia ya tatu.

Njia hiyo aliipata kwa Mama Gidamis, mama wa Kidatoga wa ng'ambo, mrefu, ambaye bangili zake za shaba ulizisikia kabla hujamwona yeye. Binti yake Neema alisoma darasa moja na Paskalina. Walikaa mbali nyikani, na baba yake Neema alikubali asome kwa sharti moja: ifikapo masika awe na mahali pa kulala penye watu wazima. Basi mama zetu wawili walikutana sokoni Maretadu wakakubaliana kwamba akina mama wa pande zote mbili wajenge bweni la wasichana karibu na shule.

Wanaume walicheka, wakasema labda litakuwa bweni la kuku. Lakini kila mama aliyetoka mashineni kusaga alirudi na jiwe. Waliovuna walitoa debe la mahindi la kuwalisha mafundi. Mabinti wa kijiji waliokuwa mjini wakifanya kazi za ndani walituma bati. Mama Gidamis alitoa mtamba wake mwenyewe, wa uzao wa ng'ombe aliyepewa siku alipoolewa, na mumewe akanuna karibu mwezi mzima. Sisi watoto tulichota maji ya kufyatulia matofali hadi utosi ukauma, na tukilalamika mama alisema haba na haba hujaza kibaba, endeleeni kujaza.

Bweni likaisha. Mnadhani wasichana walihamia? Mlango ulitiwa kufuli. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kutuambia kwamba jengo la namna hiyo halitumiki mpaka lizinduliwe na mgeni rasmi. Siku ikapangwa. Akina mama walichinja mbuzi, wakapika pilau, sisi tukapangwa mstari juani na nyimbo zetu. Jua likapanda, likashuka, ndipo simu ya mwenyekiti ikalia: mgeni ameahirisha. Mara ya pili ikawa vilevile, isipokuwa mbuzi hakuwepo tena na pilau ilikuwa kidogo. Kisha likazuka jipya. Kiwanja kiko Hanang, wakasema, na wasichana wengine wanatoka Mbulu, kwa hiyo wakubwa wa pande mbili wakae kwanza waelewane. Mawe yalipokuwa yanavushwa vichwani, hakuna aliyeuliza yanatoka wilaya gani.

Mama zetu waliitana chini ya ukuta wa bweni lile lile. Mama Gidamis alisema, "Mvua inakuja. Tufungue wenyewe, mgeni atatukuta ndani."

Mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wao, akasimama. Alikuwa mtu wa kuheshimu wakubwa. Hata mtendaji wa kijiji, kijana sawa na mwanawe, mama ndiye aliyempisha njia. Akasema, "Dada yangu, tumebeba mawe muda wote huu. Tusije tukagombana na wakubwa kwa sababu ya siku chache. Tusubiri."

Wakamsikiliza yeye.

Mvua haikusubiri. Korongo lilijaa, Paskalina akakaa nyumbani akikoka moto na kusoma daftari zile zile. Kule nyikani baba yake Neema aliuliza iko wapi hiyo nyumba waliyoahidi, na cha kumwonyesha kilikuwa kufuli tu. Tukasikia Neema amekwenda kumsalimia shangazi yake huko Gendabi. Baadaye tukasikia ukweli: ameolewa. Mkuu wa shule, mtu wa Tanga, aliwafuata kwa miguu kwenye matope, akakuta ng'ombe wa mahari wameshapokelewa. Alipeleka taarifa huko juu. Naye akaambiwa asubiri.

Maji yalipopungua, Mama Gidamis alivuka akaja kwetu asubuhi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mama alimletea kigoda, hakukaa.

"Leo sisubiri," alisema.

Mama alichukua kanga yake akamfuata, na njiani wengine wakaungana nao, huku sisi watoto tukiwakimbilia nyuma. Fundi aliyetengeneza ule mlango ndiye aliyeutoa kwenye bawaba, kufuli likiwa bado limefungwa. Kabla ya jioni wasichana walikuwa wanaingiza magodoro.

Hakuna aliyekamatwa. Hakuna hata aliyeuliza. Kumbe ingewezekana tangu siku ya kwanza.

Mgeni rasmi alikuja baadaye, mlango ukiwa umesharudishwa, akakata utepe na kuwasifu akina mama kwa uvumilivu wao. Aliporudia neno hilo, mama aliinuka akasema anakwenda kuangalia sufuria jikoni. Siku hiyo hapakupikwa kitu.

Mwaka ule wote mama alikuwa mkali kwetu. Aligombeza kuku, aligombeza moshi, alinigombeza mimi kwa kuimba. Niliamini kwamba ametuchoka. Leo na mimi nina binti, na najua hakuwa anagombana na sisi. Mama Gidamis hakumlaumu hata mara moja, na nadhani angemlaumu ingekuwa nafuu.

Miezi kadhaa baada ya hapo nilifuatana na mama kwenda mnadani Katesh kuuza maharage. Tukamkuta Neema amekaa pembeni na vibuyu vya maziwa, amevaa bangili kama za mama yake, tumbo limeanza kuonekana. Mama alimsalimia, akamshika mkono muda mrefu, kisha akageuka ghafla kubishana na mnunuzi ambaye walikuwa wameshaelewana naye. Neema akanivuta karibu.

"Ndani kukoje?" aliniuliza.

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba vitanda ni vya mbao, cha chini na cha juu, na kwamba Paskalina analala cha juu dirishani, akiamka anauona Mlima Hanang wote mpaka kileleni. Aliniuliza kama sakafu ni ya saruji. Nikamwambia ni ya saruji, haina hata ufa, na ukiimba sauti inakurudia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaninunulia muwa.

Niliutafuna njia nzima, mama akiwa ametangulia mbele bila kugeuka, nami nikijisifu moyoni kwamba najua kusimulia. Ilinichukua miaka mingi kujiuliza kwa nini Neema alilazimika kuulizia habari za nyumba iliyojengwa kwa mtamba wa mama yake.