Kuwashwa Ndiko Kupona

Sisi watu wa Mabatini tulilelewa na muwasho. Ukimeza klorokwini ya malaria halafu usijikune mpaka asubuhi, mama zetu walisema dawa hiyo ni feki, umeibiwa. Mwili ukiwaka ndipo homa inatoka. Manesi nao walikuwa watoto wa akina mama hao hao. Waliingia chuoni na imani hiyo na wakatoka nayo, imepigwa pasi pamoja na gauni jeupe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, zahanati za watu binafsi zinachipuka kila kichochoro. Ya kwetu ilikuwa nyuma ya duka la vitenge, na nesi wake alikuwa jirani yangu, mwepesi wa mkono kwenye sindano, mzito wa kumsikiliza mtu. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilishona sare za shule, na macho yangu ndiyo yaliyotulisha mimi na mama.

Nikashikwa na malaria. Nikamwambia nesi sitaki klorokwini, siwezi kushona huku najikuna. Akacheka, akanipa vidonge vya salfa, akasema hivi vya kisasa haviwashi.

Siku chache baadaye midomo ikavimba. Mabaka mekundu yakapanda kutoka kifuani mpaka shingoni, na macho yakawa kama yametiwa mchanga. Nikarudi zahanati nimejifunika kanga, nikamwuliza kama si vile vidonge vyake. Akanitazama kwa furaha. Jamani, kwa furaha kabisa.

"Dawa inafanya kazi," akasema. "Homa ndiyo inatoka hiyo. Ngoja nikuongeze tuimalize."

Akanimiminia maji mwenyewe, nikameza mbele yake.

Yaliyofuata siyaelezi sana, wengine mnasoma mkiwa mnakula. Ngozi ilibambuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Dada yangu alipanda meli kutoka Nansio akaja kuniuguza, akawa ananilaza juu ya majani ya mgomba, maana shuka zilinigandia, na kuzibandua kulikuwa kunichuna upya. Daktari wa hospitali kubwa alinitazama tangu mlangoni akasema ni salfa hiyo, nisiiguse tena maishani mwangu. Jicho la kushoto likaziba. La kulia likabaki na ukungu. Natofautisha mtu na mlango, lakini uzi na tundu la sindano, ndiyo basi tena. Cherehani ikaenda kwa mwingine.

Kabla sijaruhusiwa nilimwomba yule daktari awaambie wa zahanati ya Mabatini, na yeyote aliye juu yao anayesimamia dawa, ili mwingine asimezeshwe. Alikuwa mpole, sikatai. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuonyeshwa neno kama hilo linapelekwa wapi. Na hata angejua, wangemwuliza yeye ni nani amchongee mwenzake. Alisema bila aibu, kama mtu anayekuambia haijui njia ya kwenda Magu.

Basi dada akaenda mwenyewe. Akamkuta nesi anakula mchana, akamweleza kila kitu, ngozi, majani, macho. Nesi hakuacha kutafuna.

"Kwani amekufa?" akamwuliza.

Dada alirudi akalia. Mimi sikulia, machozi yenyewe yalikuwa yananichoma. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote na bado namchukia, na kanisani nimeshawaambia wasinisumbue na habari za kusamehe.

Masika yaliyofuata mama akapata homa. Hakukuwa na zahanati nyingine ya karibu, na yeye kutembea mbali hawezi. Tukaenda tumeshikana mikono, yeye ananionyesha mashimo, mimi namwegemeza. Tukakaa kwenye benchi. Nyuma ya pazia kulikuwa na mama mwingine, sauti ngeni kwangu, analalamika kwamba tangu mwanawe ameze vidonge juzi, uso umemvimba na macho hayafunguki vizuri.

"Usiogope, mama," nesi akamwambia. "Dawa inafanya kazi. Hapa hapa mtaani kuna fundi cherehani, ilimchubua mwili mzima. Kamwulize leo kama ana malaria."

Nikasimama. Nikalipapasa pazia mpaka nikalipata, nikalivuta.

"Fundi mwenyewe ndiye mimi," nikasema. "Mama, nakuomba, usimpe tena. Nitazame macho."

Nilimwona yule mama kama kivuli, na kivuli kidogo mapajani mwake. Nikadhani amenielewa.

"Si huyu hapa?" nesi akasema. "Mzima, kaja kwa miguu yake."

Yule mama akashusha pumzi, akamshukuru. Halafu nikasikia maji yanamiminwa kwenye kikombe.