Lundo la Kokoto Langoni Kwangu

Mimi ni mtu wa Bombo, mlimani, ambako maji hukufuata yenyewe kwa mfereji hadi kwenye migomba. Nilipohamia huku tambarare kulima mahindi, watu walinicheka: mtu wa mlima kisima atakijulia wapi? Nikachimba. Mimi chini na sululu, mke wangu juu akivuta udongo kwa ndoo. Maji niliyapata kwenye pima ya saba. Pima moja ni mikono yako miwili ukiinyoosha pande zote, na mimi mikono yangu si mirefu.

Sasa nje ya kanisa, baada ya ibada kabisa, mtu akaniuliza nimefika pima ngapi. Mdomo ukatoa kumi na mbili. Ikawa kumi na mbili miaka yote. Shule niliishia la tatu, lakini saba naijua, kwa hiyo sina kisingizio.

Mwaka jana bomba likafika uani. Kisima kikakaa bure, mbao za kufunikia zikaoza, mbuzi wa jirani akaponea chupuchupu. Nikasema nitakijaza takataka, yaishe. Jirani yangu, mfugaji, akaja na fimbo yake begani.

"Shikamoo mzee. Takataka hapana. Kisima changu kiko hapo bondeni, wanangu na ng'ombe wangu wanakunywa. Maji ni hayo hayo yanapita chini."

Alisema kweli. Nikamwita fundi.

Kwanza kikasafishwa. Nilivua mwenyewe kwa ndoano: ndoo mbili, na kandambili moja ambayo nilimchapa mbwa kwa ajili yake, bure. Marehemu yule mbwa anisamehe. Fundi akamwaga dawa ya klorini, kisha akatoa futi yake apime kina.

"Kijana, unapima nini? Nimechimba mimi. Kumi na mbili."

Akairudisha mfukoni kwa heshima. Lori likaleta mchanga safi na kokoto za pima kumi na mbili.

Walimwaga toka asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana kisima kimejaa, na lundo limebaki karibu nusu. Fundi akashika kiuno.

"Mzee, hesabu inakataa. Kokoto zimekwama katikati, chini kuna uwazi. Siku moja ardhi itatitia na ng'ombe wa watu."

"Au mtoto," akasema jirani.

"Tunafanyaje?" nikauliza, nikijua.

"Tunatoa zote, tunaanza upya."

Wasaidizi wake wawili walikuwa wamelowa jasho hadi kwenye suruali. Mmoja akaokota koleo. Mke wangu alikuwa kibarazani anachambua choroko, hakuinua hata uso. Nikaona, hapa ama niseme, ama watu wazima wachimbe kisima changu mara ya pili kwa sababu ya mdomo wangu.

"Liache koleo," nikasema. "Ni saba."

"Saba nini?"

"Pima. Ni saba tu."

Jirani alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. "Mzee! Na mimi nimewasimulia mpaka watu wa Same mjini!"

Fundi hakucheka. Alishaniamini mara moja, ikamtosha. Ndipo mke wangu akainuka, akaanua nguo kwenye kamba ya uani, akaifungua kamba yenyewe.

"Hii ndiyo iliyokuwa ya kisima. Mvutaji nilikuwa mimi. Pima."

Wakapima. Saba, na kipande cha kufungia ndoo. Fundi akapiga hesabu upya, ikakubali. Wakabomoa matofali ya juu, wakashindilia udongo wa mfinyanzi, wakafunika kwa zege.

"Ulijua siku zote?" nikamuuliza mke wangu.

"Nilikuwa nasubiri kuona utafika ishirini lini."

Lundo bado liko langoni, sijapata pa kulipeleka. Mtu akiuliza ni la nini, namwambia ni zile pima tano.