Mama Kipupwe na Kipande cha Mwisho cha Waya

Kazi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa haijaisha. Mashine ya nje ya kiyoyozi ilishakaa kwenye breketi zake, haichezi hata ukiisukuma kwa bega. Mabomba ya shaba yalishavikwa sponji na kuzungushiwa tepu. Hewa ilishavutwa, gesi ilishafunguliwa. Kilichobaki kilikuwa kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono, kutoka kwenye swichi ya ukutani hadi kwenye tumbo la mashine.

Mama Kipupwe aligeuza ndoo kuukuu ya rangi, akaikalia, akaegemeza mgongo ukutani. Mgongo wenyewe ulikuwa unamlalamikia tangu asubuhi.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kila chumba alichoingia alikiacha na baridi. Alilipenda kwa sababu moja tu: lilikuwa linaleta kazi. Alianza kwa kuosha vichujio vya viyoyozi katika maofisi ya watu, akasoma jioni akiwa anasinzia, mpaka akapata cheti cha gesi. Cheti kilimruhusu kutoboa kuta, kufunga mashine, kuunga mabomba. Hakikumruhusu kugusa umeme. Mashine ni ya fundi baridi, waya ni wa fundi umeme, na fundi umeme lazima awe na leseni.

Fundi umeme wake alikuwa mtalaka wake.

Wateja walimwita Bwana Leseni. Kwa kawaida alifika kazi ikiwa imeshaiva, akakaza skrubu chache, akatia saini, akaondoka hajachafua hata kola. Ndoa yao ilikufa kama betri ya rimoti: hakuna aliyejua siku yenyewe, ila kuna siku ilibonyezwa haikuitika. Kazi waliendelea nayo. Kazi ilikuwa na wateja, ndoa haikuwa nao.

Mwenye duka la dawa, mteja wa siku hiyo, alichungulia kutoka mlango wa nyuma. "Dada, huyo fundi wako wa pili anatokea nchi gani?"

"Yuko njiani."

"Si ndivyo ulivyoniambia mwanzo?"

"Basi sasa yuko njiani zaidi."

"Na hicho kiwaya huwezi kukiunga wewe? Si hicho hapo kinaning'inia? Nina dawa ndani zinataka baridi."

"Kuunga naweza. Pakiungua, watu wa bima watakuuliza aliunga nani. Utamtaja nani?"

Mwenye duka alirudisha kichwa chake ndani.

Mama Kipupwe alipapasa mfuko wa ovaroli. Karatasi ilikuwamo, ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe jasho. Ofisi ya leseni ilikuwa imeanza kutoa leseni ndogo kwa mafundi viyoyozi, ya kuunga waya wa mashine uliyoifunga mwenyewe, basi. Hairuhusu kusuka umeme wa nyumba wala kuongeza hata soketi moja. Kwake ilitosha na kubaki. Kozi alishamaliza, mtihani wa kuandika alishafaulu. Kabla ya mtihani wa vitendo alitakiwa kupeleka uthibitisho wa fundi mwenye leseni aliyemsimamia kazini. Si fundi yeyote, yule aliyemsimamia. Na miaka yote aliyemsimamia alikuwa mmoja. Mwisho wa kupokea ni kesho. Akikosa, ni mwaka mwingine mzima juu ya ndoo.

Alishamwomba mara mbili. Mara ya kwanza bwana alisema atafikiria, mara ya pili akasema bado anafikiria.

Bwana Leseni alitokea kwenye ushoroba, katikati ya kuta mbili ambako hata mchana mwanga ulikuwa wa kuazima. Mkono mmoja ulishika mkoba wa vifaa, wa pili ulipapasa ukuta.

"Mama Kipupwe. Mbona umechoka hivyo?"

"Nimechoka kukusubiri."

"Kusubiri nako kunachosha?"

"Ndiyo kazi niliyoifanya kuliko zote. Kungekuwa na cheti chake, ningekuwa nacho cha juu kabisa."

Bwana alicheka, akachuchumaa mbele ya mashine. Mama alikwenda kuzima breka ya ndani, ile swichi kubwa ya kukata umeme, akaifunga kwa kufuli yake, akarudi na ufunguo mfukoni.

"Karatasi nimekuja nayo," alisema.

"Najua. Mfuko wako unachakarisha kila ukigeuka."

"Utasaini?"

"Nikisaini, kesho utaniita wa nini?"

"Sitakuita."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Mama hakukasirika. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupatana, na mwenzake alikuwa amemwambia wazi anachokiogopa. Tatizo ni kwamba hakuwa na cha kuweka mezani.

"Haya, nipe wa moto," bwana alisema, mkono umenyooshwa.

Mdomo wa Mama ulifunguka useme kahawia, rangi ya waya wenye umeme, ukafumba.

Huo ulikuwa mchezo wao wa zamani, tangu walipokuwa na pikipiki moja ya kazi na mto mmoja wa kulalia. Yeye anashika waya na kutaja rangi, bwana anakaza, na kazi inakwenda kama wimbo. Aliendelea kutaja hata baada ya talaka, kama mtu anavyoendelea kulalia upande uleule wa kitanda. Sasa ndipo alipoona kwamba siku hizi bwana hashiki chochote kabla hajatajiwa. Anatafuta kichwa cha skrubu kwa ukucha wa kidole gumba. Anatembea akishika ukuta.

Akanyamaza.

Bwana Leseni alisubiri. Kisha akachukua waya mmoja, akausogeza karibu na pua, akauinamisha huku na huku.

"Huu si wa kahawia?"

Mama alitoa tochi mfukoni.

"Nimekuuliza."

"Nimesikia."

"Ushoroba huu hauna mwanga."

"Hauna," Mama alikubali, akawasha tochi, akaielekeza palepale kwenye vidole vyake.

Bwana alitazama sana. Akausogeza waya taratibu kwenye tundu la waya wa moto. Ulikuwa wa buluu.

"Hapana," Mama alisema.

Alilisema polepole, lakini mkono ule ulirudi nyuma kama umeungua. Breka ilikuwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni, hapakuwa na hatari ya mtu kufa. Bwana Leseni aliufunga mkoba wake, akaukalia. Mama naye alirudi kwenye ndoo yake, wakawa kama abiria walioachwa.

"Tangu lini?"

"Jicho la kulia zamani kidogo. La kushoto limeanza juzijuzi. Wanasema ni mtoto wa jicho."

"Ndiyo maana uliuza pikipiki."

"Ilikuwa inakunywa mafuta."

Mama alimwelekezea tochi usoni.

"Na mafuta ilikuwa inakunywa kweli," bwana alisema, kwa sauti ya chini.

"Kwa wateja wako wengine unafanyaje?"

"Wengine wapi? Umebaki wewe."

Hapo ndipo Mama Kipupwe alipoona meza ina vitu. Hakufurahi. Angekuwa na nguvu, labda angefurahi.

"Sikiliza, leo sina maneno mengi. Unasaini, kwa sababu ni kweli umenisimamia, hapo hakuna uongo. Halafu unakwenda kutolewa hicho kitu. Mpaka uone, huungi waya wa mtu yeyote, uwe wangu au wa jirani yako. Leseni yako ikae kabatini."

"Hospitali wanataka uje na mtu wako. Na baadaye kuna matone ya kutiwa, asubuhi, mchana na jioni."

"Mama yako yupo."

"Mama mkono unatetemeka. Atanitia sikioni."

"Kaka zako?"

"Hao si unawajua."

Aliwajua. Akavuta pumzi. "Nitakupeleka. Matone ya asubuhi na jioni nitakutia mimi. Ya mchana utajitafutia mtu."

"Na chakula?"

"Chakula hakimo."

"Hata chai?"

Alifumba macho kidogo. "Chai imo."

"Lete waya, basi," bwana alisema. "Wewe unga, mimi nasimamia."

"Unasimamia na nini?"

"Na masikio."

Mama aliunga. Kila waya alioukaza, bwana aliuvuta kwa vidole kuona kama unateleza, na hakuna ulioteleza. Kisha akaomba mita yenye mlio, akamwelekeza pa kugusisha, ncha hii huku, ncha ile kule. Mita ililia palipotakiwa kulia, ikanyamaza palipotakiwa kunyamaza. Alimrudisha kwenye waya wa ardhini mara ya pili, akasikiliza tena kichwa kimeinama, ndipo akaridhika. Kazi hiyo hakuifanya kwa mchezo hata kidogo.

Breka ilipowashwa, mashine iliguna, ikatulia, ikaanza kuzunguka. Ndani, mwenye duka la dawa alisikika akisema, "Afadhali," kama mtu aliyekaliwa kifuani na sasa ameachiwa.

Mama alitandika karatasi juu ya kifuniko cha mashine, akamshika bwana kidole, akakiweka penye mstari.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

Alisaini.

Wiki kadhaa baadaye, mtihani wa vitendo ulifanyika kwenye karakana kubwa yenye mbao zilizopangwa ukutani, kila ubao na swichi yake na mashine yake. Watahiniwa wengine walikuwa vijana wenye viatu vipya. Mama Kipupwe alikuwa ametoka kumpeleka Bwana Leseni kliniki alfajiri atolewe mtoto wa jicho, na macho yake mwenyewe yalikuwa yanauma kwa usingizi. Alizima, akafunga kufuli, akapima kuhakikisha hakuna moto, akaanza kuunga.

Mtahini alisimama nyuma yake. "Unaongea na nani?"

"Naam?"

"Unataja rangi."

Hakuwa amejisikia. "Mazoea tu, mwalimu."

"Yule mwenzako wa pale angekuwa nayo, asingegeuza waya." Mtahini aliandika kitu, akaenda kwenye ubao mwingine.

Jioni, matokeo yakiwa yameshabandikwa, alipanda ngazi za nyumba ya Bwana Leseni huku akishika ukuta kwa uchovu. Alimkuta kitandani, jicho moja limefunikwa.

"Vipi?"

"Nimepita. Leseni nitaichukua wiki ijayo."

Mama akanawa mikono, akatafuta chupa ya dawa, akaondoa kitambaa jichoni.

"Inua kichwa. Usipepese, utayamwaga." Tone likaingia. "Kuna mtu anajenga ghorofa, anataka kusuka umeme wa nyumba nzima. Leseni yangu haifiki huko."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukishaona vizuri tutapatana. Na usije ukachelewa, maana sitasubiri."

"Ngazi nitabeba mimi?"

"Wewe. Mgongo wangu umeshastaafu."

Bwana alitulia, jicho limefumba, maji ya dawa yakimteremka kwenye shavu. "Na chai?"

Mama Kipupwe alikwenda jikoni, akawasha jiko, akateleka maji. Akatafuta kitu cha kukalia mpaka yachemke. Kilichokuwapo ni ndoo.