Kuku wa Kumkombolea Rubani

Watu wa Tura waliniita mtani kabla hawajanijua jina. Mimi Mzaramo, wao Wanyamwezi, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara. Babu zao walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Waliofia kwetu tuliwazika sisi, na wetu waliofia huku waliwazika wao. Kwa hiyo reli iliponileta stesheni ya Tura, kazi yangu ya mshahara ilikuwa kugeuza njia za treni na kuinua bendera. Kazi ya pili, isiyo na mshahara wala likizo, ilikuwa kuchimba makaburi na kuwachekesha wafiwa.

Katikati ya vita vya pili vya Wazungu, eropleni ya jeshi ilianguka na kuungua pembezoni mwa shamba la mtama la bibi mmoja mjane, mwendo wa saa mbili kutoka stesheni. Wawili waliokuwemo walikufa. Stesheni masta alipeleka habari Tabora siku ile ile. Tukangoja siku mbili, jua linawaka, fisi wanazunguka, serikali kimya. Bibi akachoka kungoja.

"Waliofia shambani kwangu ni wageni wangu," alisema. "Mfiwa ni mimi. Mwiteni mtani."

Nikaenda, nikachimba. Shingoni mwa rubani palikuwa na kidude chekundu cha mviringo, mfano wa kifungo cha koti, kimefungwa kwa uzi na kuchorwa jina. Mwenzake hakuwa na kitu, moto ulikuwa umekula kila alichovaa. Nilikivua kile kidude nikakivaa mimi, kama ada ya mtani inavyotaka, mpaka wafiwa wakikomboe, nikatanua mikono na kukimbia kuzunguka kaburi huku nikinguruma. Wanawake wakacheka huku wanalia.

"Ndugu yenu ninaye," nikawaambia. "Hatoki bila kuku."

Bibi akasema kuku hutolewa na jamaa wa damu, nao lazima watakuja, maana hakuna mtu asiye na kwao. Nikakubali. Hapo ndipo tulipokosea, mimi na yeye, kwa heshima tu.

Afisa wa jeshi alifika baada ya mwezi na nusu. Nilikuwa nimemwandalia utani wangu mzuri kabisa. Ningemwamkia kama mfiwa, nimpe pole, nimdai kuku, kisha nimvalishe kile kidude na kumpeleka makaburini. Nilikuwa nimekificha ndani ya kofia ili nikitoe kwa mbwembwe.

Hakutuamkia. Alisimama jukwaani pa stesheni na mkalimani wake, akatangaza kwamba yeyote mwenye kitu cha eropleni ni mwizi na atafungwa. Hakuuliza kama walikufa. Hakuuliza wamelala wapi. Na kila nyumba pale ilikuwa na kipande cha bati la ile eropleni, wengine walishalifanya miko ya kusongea ugali. Watu wakatazama chini. Wazee wawili wakajitolea kumwonyesha njia, wakamzungusha porini upande wa kaskazini kutwa nzima. Shamba la bibi liko kusini.

Nami nikakiacha kidude ndani ya kofia. Mwizi? Mimi ambaye udongo wa kaburi lile ulikaa kwenye kucha zangu wiki nzima? Nilipandwa na hasira hata nikasahau kuwa anayeumia si yeye, ni jamaa wa marehemu. Afisa akapanda treni jioni ile, nami nikamwinulia bendera kwa adabu zote.

Hasira ni hasara. Vita vilipokwisha, kile kidude kilianza kunizidi uzito. Kila nilipovua kofia nililiona lile jina. Nikaomba ruhusa, nikapanda treni, na njia nzima mpaka Tabora nilikuwa napanga maneno. Katika ofisi ya serikali nilimkuta karani, Mnyamwezi kama watu wa Tura. Alipekua makabati mpaka akapata faili. Ilikuwa imeandikwa kwamba porini Tura hakukuonekana kitu, basi eropleni ile ilizama Ziwa Tanganyika, watu wake hawakuonekana, na jamaa wameshaarifiwa.

"Ziwani?" nilifoka. "Niliwazika kwa mikono yangu!"

"Basi eleza umekipata wapi hiki, na kwa nini ulikificha."

Nikamweleza utani. Nikamweleza tena. Alinielewa vizuri sana, ndiyo maana alizidi kuniudhi. Nyumbani kwao kuna makaburi yaliyochimbwa na watani.

"Mtani," akasema mwishowe, kwa upole, "nitaliandikaje hili kwa Kiingereza usifungwe?"

Akanirudishia kidude changu. Faili ikarudi kabatini.

Nilirudi Tura nimenuna. Siku ya tatu bibi akaja stesheni na jogoo mwekundu kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shika kuku wako, mroho wa pwani we. Jamaa zake nimewangoja nimechoka. Nitakuwa mimi."

Nikavua kofia, nikampa kile kidude.

"Sasa nisomee," akasema.

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia nimsomee. Nikamsomea jina. Akalirudia, likamshinda. Akalirudia tena na tena, amesimama juani, mpaka likakaa kinywani mwake kwa namna yake ya Kinyamwezi. Alisema huwezi kummwagia mtu unga kaburini na kumwita "we mgeni" milele.

Tangu hapo, kila mtama ulipovunwa, jina lile liliitwa pale Tura, na yule mwenzake aliitwa ndugu yake. Mama mzazi wa rubani naye bila shaka alikuwa akimwita, huko kwao, ameelekeza uso wake kwenye maji, kama alivyoandikiwa.