Pembe Nyeusi ya Picha ya Krismasi

Vumbi la Katesh halibishi hodi. Kiangazi hupenya hata kwenye begi lililofungwa zipu, ndiyo maana Evarist Bura, mpiga picha wa mji huo, huivisha kila lenzi yake kioo cha kinga siku ile ile aliyoinunua, na hakivui tena. Kwa lenzi za kawaida, desturi hiyo haikuwahi kumponza.

Lenzi pana, ile inayomeza uwanja mzima, aliipata Desemba, siku chache kabla ya kupanda kijijini kwao Tlawi kwa Krismasi. Alitaka picha moja tu: mama yake, Fransiska, na uzao wake wote. Kamera ilipotokea, mama huyo sikuzote alikuwa na kazi jikoni. Safari hii alikubali.

Jua lilikuwa kali na mabati yanawaka. Evarist alitaka kufunga filta ya kukata mng'ao, anga litoke buluu iliyokolea. Akajaribu kwanza kufungua kioo cha kinga. Vumbi lilikuwa limekigandisha. Akafunga filta juu yake.

Katikati ya uwanja kiliwekwa kiti cha marehemu baba, kitupu, kama familia hiyo ifanyavyo kila sikukuu. Watu wakajipanga pande zote mbili. Fransiska akachukua kigoda, akaketi mwisho kabisa.

"Mama, sogea katikati."

"Nikabanane na kiti cha mwenyewe? Hapa panatosha. Au chombo chako hakinioni?"

"Kinaona hadi ng'ombe wa jirani, mama," Sulle, mkwe wa Fransiska, alidakia. "Ficha ugoro."

Wakacheka. Evarist akapiga, akatazama kwenye kioo kidogo cha kamera kilichojaa jua, akaona vichwa na anga. Akaridhika.

Februari homa ya mapafu ilimchukua Fransiska. Paskalina, dada mkubwa, alipiga simu. "Njoo na picha ya mama ya kuweka mbele ya jeneza."

Ndipo Evarist alipoifungua ile picha kwenye kompyuta. Anga lilikuwa na doa la giza katikati na pembeni limepauka. Lenzi pana hutazama anga kubwa mno, na filta ile hailikolezi sawasawa. Hilo lingesameheka. Lakini pete mbili zilizopandana, ya kioo cha kinga na ya filta, zilikuwa zimechomoza mbele ya lenzi na kuzima pembe zote nne. Katika pembe ya chini, palipokuwa na kigoda, ulionekana mkono mmoja umeshika upindo wa kitenge.

Aliongeza mwanga hadi ukomo. Giza likatoa chengachenga za rangi na shavu lililovutwa kuelekea nje, kama lenzi hizo zifanyavyo kwa aliye ukingoni.

Alilichapa shavu hilo hivyo hivyo, akapanda nalo Tlawi.

"Huyu siyo mama," Paskalina alisema.

"Ndiye, dada."

"Nimesema siye. Umepiga picha Katesh yote, wewe. Mama yako yuko wapi?"

Kadi ya kura ya mama ilitafutwa. Sura ilikuwa imefutika. Siku ya maziko Sulle, aliyepangiwa kubeba picha, alitembea nyuma ya msalaba mikono mitupu.

Kaburini katekista akamgeukia Evarist. "Mwanangu, wewe ndiye fundi wetu. Tupigie za kumbukumbu."

Akatoa lenzi ya kawaida, akapiga. Jeneza, mashada, udongo: zote zilitoka safi.