Bomba Namba Kumi na Saba

Miaka thelathini na moja Sabina alipiga kinanda cha mabomba katika kanisa la mtaani kwao, Soweto ya Mbeya. Kilishazeeka. Mivukuto ilivuja, na mabomba mengine yalikohoa badala ya kuimba. Ila hapo ndipo alipomfundisha Lugano, mtoto wa jirani, akimpakata kwa sababu miguu yake ilikuwa bado haifiki chini.

Lugano akakua, akawa katibu wa kamati ya kutengeneza kinanda. Sikukuu ya mavuno, baada ya ibada, mnada ukafanyika uani kama kawaida, safari hii fedha zikiwa za kutengeneza kinanda. Watu walileta kuku, viazi, mikungu ya ndizi. Sabina akaja anamvuta ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee zizini.

"Mwalimu, na wajukuu?" akauliza Evarista, mwimbaji mwenzake.

"Watakunywa chai ya rangi wakisikiliza kinanda."

Kesho yake mabomba yakafunguliwa. Sabina akachora namba kwenye kila moja kwa msumari, fundi wa Iringa asije akachanganya sauti, kisha akayafunga kwa khanga zake mwenyewe. Lugano akayapakia garini.

"Pasaka utayasikia, Mwalimu."

Pasaka ikaja, ikapita. Akiuliza, mara fundi anaumwa, mara fundi kafiwa.

Siku moja akaenda Mbalizi kununua mafuta ya alizeti. Muuzaji akachomeka faneli kwenye chupa, na Sabina akaona 17 imechorwa ubavuni, saba yenye mkato katikati kama aandikavyo yeye.

"Hii umeitoa wapi, mwanangu?"

"Kwa mafundi bati hapo nyuma, mama. Katibu mmoja wa kanisa aliwauzia mabomba kibao, wakayakata faneli. Hata khanga aliwaachia."

Akainunua.

Jumapili iliyofuata, mahali pa kinanda palikuwa na kingine kidogo cha umeme. Lugano akashika maikrofoni. "Fundi ameshindwa, wapendwa, lakini Bwana ametupa kipya. Mwalimu, njoo utufungulie."

Vigelegele vikapigwa. Sabina akaenda taratibu, akafungua mkoba, akaiweka faneli juu ya kinanda, namba ikimtazama Lugano.

"Hii uliisahau kwa fundi," akamwambia, na maikrofoni ikayapeleka maneno hadi mlangoni.

Sabina akashuka, akakaa benchi la nyuma kabisa, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu usichana wake.